Siku Saba za Mwisho Kabla ya Mtihani wa Kujiunga: Mwongozo Kamili

Mtahiniwa aliyebakiwa na siku saba kabla ya mtihani wa kujiunga na chuo au shule aliyoilenga huwa na meza iliyojaa madaftari, pamoja na hofu kwamba muda uliobaki hautoshi. Hofu hiyo ina ukweli ndani yake. Hautoshi kusoma upya mtaala mzima, na anayejaribu kufanya hivyo hupita juu ya kila mada bila kuitia mkononi hata moja. Lakini muda huo unatosha kabisa kwa kazi nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa kina. Miezi iliyotangulia ilikuwa ya kuingiza maarifa kichwani. Wiki ya mwisho ni ya kujizoeza kuyatoa, bila daftari, kwa kasi inayotakiwa, na katika saa ileile ambayo mtihani utafanyika. Kila hatua iliyomo humu imetokana na wazo hilo, na ukilazimika kuacha baadhi ya hatua kwa kukosa nafasi, litumie wazo hilohilo kuamua ipi ibaki.

Nimezihesabu siku kwa kurudi nyuma: siku ya saba ndiyo iliyo mbali zaidi na mtihani, na siku ya kwanza ni ile inayoutangulia.

Siku ya saba: pima kabla ya kupanga

Wengi huanza wiki hii kwa kuandika ratiba. Ratiba iliyoandikwa kabla ya kipimo hufuata mapenzi ya mwandishi wake: mada anazozipenda hupewa saa nyingi, na zile anazoziogopa husogezwa hadi mwisho wa wiki, ambako hakuna atakayezifikia. Kwa hiyo anza na mtihani mzima wa miaka iliyopita ambao hujawahi kuufanya, au wa majaribio wenye muundo uleule. Uufanye katika saa ambayo mtihani halisi utaanza, kwa muda uleule, simu ikiwa imezimwa na kuwekwa chumba kingine, bila kuinuka kwenda kutafuta kanuni uliyoisahau. Ikiwa mtihani wenyewe hufanyika kwenye kompyuta, jipime kwenye kompyuta. Ikiwa majibu hujazwa kwa kutia weusi kwenye karatasi maalumu, chora karatasi ya namna hiyo na uijaze, kwa sababu kuhamisha jibu kutoka kwenye swali hadi kwenye kisanduku chake hula sekunde ambazo mtu hazihesabu mpaka zimpungukie.

Unapoendelea, weka nukta ndogo pembeni mwa kila swali ulilolijibu kwa kubahatisha. Nukta hizo zitakuwa na kazi kubwa baadaye, kwani swali lililopatikana kwa bahati hupewa alama ya vema na mwenyewe hulisahau, ilhali siku ya mtihani bahati hiyo huenda isirudi.

Ukimaliza, pumzika walau saa moja ndipo usahihishe. Jumla ya alama usiitazame kwa muda mrefu. Itakufurahisha au itakuhuzunisha bila kukufundisha kitu. Chukua daftari jipya, liite daftari la makosa, na uandike humo kila swali ulilokosa pamoja na kila lenye nukta, ukieleza kwa sentensi moja sababu ya kukosa. Sababu hizo, ukizichunguza kwa uaminifu, huangukia katika aina nne, na kila aina ina tiba yake.

Aina ya kwanza ni maswali ambayo hukuyajua kabisa. Aina ya pili ni yale uliyowahi kuyajua lakini hukuyakumbuka, au ulichanganya vitu viwili vinavyofanana. Aina ya tatu ni yale uliyoyajua na kuyakumbuka, ukayakosa kwa kulisoma swali vibaya au kuteleza katika hesabu. Aina ya nne ni yale ambayo hukuyafikia kwa sababu muda ulikwisha.

Aina ya pili ndiyo hazina ya wiki hii. Maarifa yake yamo kichwani tayari, yamepotea njia tu, na saa moja ya mazoezi sahihi inaweza kurudisha alama ambazo mada mpya isingezileta kwa siku mbili. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo inayotisha zaidi, mara nyingi haistahili kupewa sehemu kubwa ya wiki, isipokuwa pale mada husika inapoulizwa sana na msingi wake ni mfupi kueleweka.

Aina ya tatu watu huiita uzembe, na naamini jina hilo limewadhuru watahiniwa wengi. Mtu akishajiambia kwamba alizembea, dawa anayojiandikia ni kuwa makini, na agizo la kuwa makini halimwambii afanye nini. Tafuta mfumo uliojificha ndani ya makosa hayo. Pengine matatu kati ya matano yametokea kwenye maswali yenye neno “isipokuwa” au “si sahihi”. Pengine umekuwa ukipoteza alama ya kutoa pale unapofungua mabano, au ukikokotoa kwa sentimita ilhali jibu linatakiwa kwa mita. Ukiupata mfumo, andika kanuni moja ya kitendo: kila ninapoona neno la kukanusha nitalizungushia duara kabla ya kusoma machaguo, kila jibu la hesabu nitalisoma pamoja na kipimo chake kabla ya kuliandika. Kanuni tatu au nne za namna hiyo, zikifanyiwa mazoezi wiki nzima, huingia mkononi zikawa tabia.

Kuchagua mada za kushughulikia

Baada ya daftari la makosa kukamilika, jioni ya siku ya saba, ndipo ratiba iandikwe. Chukua orodha ya mada na ujiulize maswali mawili kwa kila moja: huleta maswali mangapi katika mtihani, na kuna uwezekano gani wa mimi kuiboresha ndani ya siku chache? Tuseme mada moja huleta maswali kumi nawe unapata matano, na nyingine huleta maswali matatu nawe hupati hata moja. Moyo hukimbilia ile ya pili, kwa kuwa sifuri inauma. Lakini ukipanda kutoka matano hadi manane katika ile ya kwanza umepata alama tatu kwa kuendeleza kitu unachokijua nusu, wakati alama tatu za mada ya pili zinakutaka uianze kutoka mwanzo na kuikamilisha yote bila kukosea popote.

Kwa maoni yangu mada zilizochaguliwa zisizidi sita. Zilizobaki hazitupwi, zitaguswa kupitia maswali mchanganyiko, lakini hazitapewa kikao chake.

Aliyechelewa sana, ambaye nusu ya mtaala hajaigusa, afuate njia tofauti kidogo. Akusanye mitihani ya miaka minne au mitano iliyopita, ahesabu ni mada zipi zinazojirudia kila mwaka, na kwa kila moja ajifunze aina ya maswali ya msingi yanayoulizwa, akianza na swali lenye jibu lililofafanuliwa, kisha akilifanya mwenyewe akiwa amelifunika jibu. Asisome kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza. Na asikubali kuuacha usingizi, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Siku ya sita hadi ya tatu: kazi ya kukumbuka

Hiki ndicho kiini cha wiki. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha mwaka 1885 matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba usahaulifu huenda kasi sana katika saa za mwanzo, halafu hupungua mwendo. Tangu hapo watafiti wamejiuliza ni nini kinachozuia maarifa yasiponyoke, na jibu moja lililothibitishwa mara nyingi ni kwamba kumbukumbu huimarishwa na tendo lenyewe la kukumbuka, kuliko kusoma tena.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mtahiniwa angefaa kulijua. Wanafunzi walisoma vifungu vya habari. Baadhi yao wakavisoma tena, na wengine, badala ya kuvisoma tena, wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza: walikumbuka asilimia 81 dhidi ya 75. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma mara mbili walibaki na asilimia 42, na walioandika kutoka kichwani wakawa na 56. Tazama mtego uliomo humo. Kusoma tena hukupa hisia kwamba umelishika somo, na kwa dakika hizo chache hisia hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana ni vigumu kuiacha. Wewe, hata hivyo, hutapimwa baada ya dakika tano.

Kwa vitendo, kikao cha mada moja kiende hivi. Kaa na karatasi tupu, andika jina la mada juu, na kwa dakika kumi andika kila unachokikumbuka: fasili, kanuni, hatua, tarehe, mchoro, bila mpangilio na bila kutazama popote. Utafika mahali pa kukwama. Usifungue daftari papo hapo. Vumilia dakika moja au mbili zaidi, kwani juhudi hiyo ya kutafuta ni sehemu ya mazoezi. Halafu fungua daftari, na kwa kalamu ya rangi nyingine ujaze mapengo na usahihishe ulipopotoka. Rangi hiyo ya pili ndiyo ramani ya kinachokusumbua. Funga tena kila kitu, kisha fanya maswali kumi hadi kumi na tano ya mada hiyo kwa kupima muda. Yote hayo huchukua saa moja na nusu hivi.

Siku inayofuata, kabla ya kuanza mada nyingine, chukua karatasi tupu na uandike tena, safari hii yale tu yaliyokuwa ya rangi ya pili. Baada ya siku mbili yarudie kwa mara nyingine. Mtu huona kana kwamba kurudia mara tatu mfululizo usiku mmoja ni sawa na kurudia mara tatu katika siku tatu, lakini marudio yaliyoachanishwa hudumu zaidi, kwa sababu kila mara akili inalazimika kulitafuta jambo lililokwisha kuanza kufifia.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kuchanganya. Ukifanya maswali ishirini ya mada moja mfululizo, baada ya lile la tatu huhitaji tena kujiuliza utumie njia gani. Unajua ni ileile. Mtihani haukupi msaada huo. Swali la kwanza litakuwa la uwiano, la pili la jiometri, la tatu la uwezekano, na nusu ya ugumu wake ni kutambua aina ya swali lililo mbele yako. Kwa hiyo kuanzia siku ya tano, kila jioni tenga kikao cha maswali mchanganyiko kutoka mada zote, hata zile ambazo hukuzichagua. Alama zako zitaonekana kushuka kidogo katika vikao hivyo. Usitishike, kwani ugumu huo ndio unaoyafanya mazoezi yafanane na mtihani.

Kuhusu idadi ya saa, mimi huona vikao vinne vya saa moja na nusu kwa siku, vyenye mapumziko ya kweli kati yake, vinatosha na hata kuzidi. Saa sita za kukumbuka kwa nguvu huchosha kuliko saa kumi na mbili za kupitisha macho kwenye kurasa, na uchovu huo ni dalili njema. Kikao kigumu kuliko vyote kiwekwe katika saa ambayo mtihani utaanza, kila siku, ili akili izoee kufanya kazi nzito wakati huo.

Siku ya nne: mtihani mzima wa pili

Siku ya nne fanya mtihani mzima mwingine, kwa masharti yaleyale ya siku ya saba. Huu uwe wa mwisho. Mtihani mzima ukifanywa siku moja au mbili kabla hauachi nafasi ya kurekebisha kitu, na alama ikiwa mbaya utaubeba mshtuko wake hadi ndani ya chumba cha mtihani.

Lengo la mtihani huu wa pili ni kuujaribu mpango wa muda, ambao ndio tiba ya makosa ya aina ya nne. Chukua mfano wa mtihani wa maswali 120 kwa dakika 180. Kwa haraka mtu husema ana dakika moja na nusu kwa kila swali. Lakini ukitenga dakika 15 za mwisho kwa ajili ya kurudia na kuhakiki, zinabaki 165, yaani sekunde 82 hivi kwa swali. Badala ya kutazama saa kila swali, jambo linaloivuruga akili, weka vituo: saa ya kwanza inapokwisha uwe umefika swali la 44, ya pili uwe kwenye la 87. Ukikuta umechelewa kituoni, hutaharakisha kila swali. Utaruka yale marefu na kuyaacha kwa mzunguko wa pili.

Mizunguko hiyo ifanyie mazoezi. Katika wa kwanza jibu kila unachokijua mara moja, na swali likikuzuia kupita muda wake, liwekee alama na uendelee, ukihakikisha kwamba kwenye karatasi ya majibu nafasi yake umeiruka pia. Katika wa pili rudi kwa yaliyowekewa alama. Kukubali kuliacha swali ambalo unahisi umebakiza kidogo kulipata ni ujuzi unaouma, na usipouzoea nyumbani hutauweza huko.

Hapohapo amua utakachofanya kuhusu kubahatisha, baada ya kusoma kwa makini kanuni za kusahihisha za mtihani wako. Kama jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, usiache nafasi tupu hata moja. Kama linapunguza, hesabu. Chukua mtihani wenye machaguo manne, unaotoa alama nne kwa jibu sahihi na kukata moja kwa kosa: ukibahatisha kwa upofu maswali manne, kwa wastani utapata moja na kukosa matatu, nne toa tatu, unabaki na faida ya alama moja. Ukiweza kuondoa chaguo moja lisilowezekana, faida inaongezeka. Lakini pale penye machaguo matano, alama moja kwa sahihi na robo kwa kosa, kubahatisha kwa upofu hakuna faida wala hasara kwa wastani, na kunakuwa na maana tu ukiwa umeondoa walau chaguo moja. Uamuzi huu ufanywe leo, kwa utulivu, na usibadilishwe ukiwa chumbani.

Siku ya tatu itumie kurekebisha yale uliyoyagundua katika mtihani huo. Ndiyo siku ya mwisho ya kujifunza jambo lolote jipya.

Usingizi na saa ya mwili, kuanzia usiku wa siku ya saba

Mambo ya usingizi nimeyaweka hapa, lakini yanaanza siku ya saba. Mwili hauhamishi ratiba yake kwa usiku mmoja. Aliyezoea kulala saa nane za usiku na kuamka saa nne asubuhi, kisha akajilazimisha kulala mapema mkesha wa mtihani, atageukageuka kitandani na kuongeza wasiwasi juu ya uchovu. Anza mara moja kuivuta saa ya kuamka nyuma kidogo kila siku, nusu saa kwa siku au hata saa nzima, hadi iwe angalau saa mbili kabla ya mtihani kuanza. Saa ya kuamka ndiyo unayoweza kuiamuru. Saa ya kulala itaifuata yenyewe. Ukiamka, toka nje upate mwanga wa asubuhi, maana mwanga ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza.

Kijana anahitaji saa nane hadi kumi za usingizi, na mtu mzima saa saba au zaidi. Wapo wanaoziona saa hizo kuwa zimeibwa kutoka kwenye masomo. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walionyesha kwamba watu waliojifunza silabi kisha wakalala walikumbuka zaidi kuliko walipokaa macho kwa saa zilezile. Na mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya kazi ya umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Anayekesha kabla ya mtihani hujinyima mara mbili: alichosoma usiku huo hakipati nafasi ya kutulia, na anakwenda kujibu maswali akiwa na akili iliyolewa uchovu.

Chai kali na kahawa ziachwe baada ya mchana, kwani saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Asiyezoea kahawa asiianze wiki hii. Vivyo hivyo kwa vyakula: kula ulichokizoea, kwa wakati uliouzoea.

Siku ya pili: punguza, andaa, tembea

Siku ya pili masomo yapungue hadi nusu. Pitia daftari la makosa kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukifunika jibu la kila swali na kujaribu kulitoa tena. Yatakayokukataa kwa mara nyingine, ambayo kwa kawaida hayatakuwa mengi, yaandike kwenye ukurasa mmoja tu. Ukurasa huo ndio pekee utakaousoma kuanzia sasa.

Alasiri iwe ya maandalizi. Soma tena kibali chako cha kufanyia mtihani neno kwa neno: jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Kituo ni kipi hasa, ikiwa taasisi ina majengo katika sehemu mbili? Milango hufungwa saa ngapi? Vifaa gani vinaruhusiwa? Weka mezani kibali na nakala yake, kitambulisho, kalamu zaidi ya moja zilizokwisha kutumika kidogo, penseli, kifutio, saa ya mkononi ya kawaida kama inaruhusiwa, na kikokotoo cha aina iliyotajwa kikiwa na betri nzuri. Vitie vyote kwenye mfuko mmoja.

Ikiwa kituo kiko mahali usipopajua, nenda ukapaone, na ikiwezekana safiri katika saa ileile utakayosafiri siku yenyewe, maana njia ya jioni na njia ya asubuhi ya watu kwenda kazini ni njia mbili tofauti. Kama kituo kiko mji mwingine, fika siku moja kabla.

Wazazi na walezi wana sehemu yao hapa. Msaada mkubwa wanaoweza kuutoa siku hizi mbili ni nyumba tulivu, mlo kwa wakati na usafiri wa uhakika. Kumkumbusha mtoto gharama zilizotumika, au kumtajia jamaa aliyefaulu mwaka jana, hakumwongezei alama. Kunamwongezea mzigo wa kufikiria akiwa mbele ya swali gumu.

Siku ya kwanza

Asubuhi, katika saa ya mtihani, fanya maswali machache unayoyaweza, ishirini hivi, ili mkono usipoe. Soma ule ukurasa mmoja. Baada ya chakula cha mchana funga madaftari. Najua agizo hili ni gumu kulitii, na kwamba saa zilizobaki zitaonekana ndefu na zenye hatia. Tembea, zungumza na watu wasiohusika na mtihani, fanya kazi ndogo za nyumbani. Ondoka kwenye makundi ya simu ambako watahiniwa hutumiana maswali yanayodaiwa kuvuja. Mengi ni ya uongo, kuyatumia ni udanganyifu unaoweza kukufutia mtihani, na hata kuyasoma tu kunakuachia mashaka juu ya mambo uliyokuwa na hakika nayo.

Usiku, weka kengele mbili za kukuamsha na umwombe mtu mmoja akuamshe. Usingizi ukichelewa, usihesabu saa zilizobaki. Ukiwa umelala vizuri usiku uliotangulia, usiku mmoja mfupi hauharibu kazi ya wiki, na kulijua hilo mapema ni nusu ya kupata usingizi wenyewe.

Asubuhi ya mtihani na ndani ya chumba

Fika kituoni dakika 45 kabla. Kaa mbali kidogo na kikundi kinachoulizana maswali mlangoni. Wasiwasi ukikubana, chukua karatasi na kwa dakika kumi uandike unachokiogopa, kama kilivyo, bila kukipamba. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 matokeo yanayoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu walioandika hivyo kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi. Maelezo yao ni kwamba hofu hushika nafasi ileile ya akili inayotumika kukokotoa, na kuiandika huipunguza. Karatasi hiyo itupe kabla ya kuingia.

Ukishapewa ruhusa ya kuanza, kanuni unazohofia kuzisahau ziandike pembeni pa karatasi ya kukokotolea, kama kufanya hivyo kunaruhusiwa. Kisha fuata vituo na mizunguko yako. Swali la kwanza likiwa gumu, liruke bila kulipa maana yoyote. Mpangilio wa maswali haukuundwa kwa ajili yako. Ukihisi kichwa kimekuwa cheupe, weka kalamu chini, vuta pumzi taratibu na uitoe kwa muda mrefu zaidi kuliko ulivyoivuta, mara tano, kisha tafuta swali moja unaloliweza.

Katika dakika za kuhakiki utakumbuka ushauri uliozoeleka kwamba jibu la kwanza lisiguswe. Haukubaliani na ushahidi. Justin Kruger na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, walichunguza mitihani zaidi ya 1,500 wakakuta kwamba takriban nusu ya majibu yaliyobadilishwa yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na robo tu yalikwenda kinyume. Ukiwa na sababu unayoweza kuitaja, badilisha. Ukiwa na mashaka matupu, acha. Hakiki pia kwamba kila jibu liko kwenye namba yake, hasa baada ya maswali uliyoyaruka.

Kama kuna karatasi ya pili mchana au kesho yake, ondoka chumbani bila kulinganisha majibu na mtu yeyote, hata rafiki wa karibu. Mwambie mapema kwamba mtazungumza yote yakiisha. Kula, kunywa maji, tafuta mahali pa kukaa kimya, na utoe mfukoni ukurasa wa somo linalofuata.